Eafoili gani kwa mapanga ya tabaini ndogo? Grafu zimenichanganya

RandaMkononi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Natengeneza tabaini ya upepo ya kipenyo cha mita 2, mapanga matatu, ya mbao. Nachonga mwenyewe kwa randa, tupa na msasa. Jenereta ipo tayari na nguzo ipo. Kilichonikwamisha ni umbo la mkato wa panga, hiyo wanayoita eafoili.

Wiki tatu sasa nasoma. Nilianza na NACA 4412 kwa sababu kila mtu anaitaja. Nikakutana na SG6043, grafu yake ya kuinua kugawa kwa ukinzani ikanivutia. Kesho yake nikaona FX 63-137, nayo ikanivutia zaidi. Halafu kuna S822, Clark Y, E387... Chuo Kikuu cha Illinois kina hifadhi ya maumbo haya, yako zaidi ya elfu moja na mia tano. Nimefika mahali kila jioni nabadilisha mawazo na mbao bado haijaguswa.

Naomba mwenye uzoefu anisaidie: ipi ni bora kwa tabaini ya ukubwa huu? Upepo wa kwangu ni wa kawaida, mita 4 hadi 6 kwa sekunde mara nyingi. Lamda niliyopanga ni 6 (ncha ya panga iende mara 6 ya kasi ya upepo).

---

MpitaNjia

Nimeweka kambi hapa. Na mimi nina mbao inaningoja tangu mwaka jana.

---

NambaKwanza

Mkuu, swali lako limeanzia katikati. Kabla ya "ipi ni bora" kuna "bora kwa hewa ya namna gani". Hapo ndipo inapokuja namba ya Reynolds, inayokuambia kama hewa itateleza tulivu au itavurugika. Jina limetokana na Osborne Reynolds, yule aliyepitisha rangi kwenye maji ndani ya bomba la kioo mwaka 1883, akauona uzi wa rangi ukienda umenyooka, na maji yalipoongezwa kasi ukavurugika ghafla.

Kwa hewa ya kawaida hesabu yake ni nyepesi: kasi ya hewa inayolipiga panga (mita kwa sekunde), mara upana wa panga mahali hapo (mita), mara 68,000. Basi.

Sasa rudi kwenye grafu zako ukaangalie ziko kwenye namba ipi. Vipimo maarufu vya NACA vilichukuliwa kwenye milioni 3, milioni 6 na milioni 9. Hayo ni mambo ya ndege. Piga hesabu ya panga lako, uje utuambie.

---

RandaMkononi

Nimepiga. Nimechukua sehemu iliyo robo tatu ya urefu wa panga, upepo mita 5. Mzunguko unanipa 22.5, nikichanganya na upepo unaofika kwenye panga (theluthi mbili ya ile mita 5) inakuwa kama 22.7. Upana nimetumia fomula ya Betz (yule aliyekokotoa kikomo cha nguvu inayoweza kuvunwa kwenye upepo), namba ya nguvu ya kuinua 0.9, nikapata milimita 76.

22.7 × 0.076 × 68,000 = laki moja na elfu kumi na saba.

Kwa hiyo grafu ya milioni 3 hainihusu hata kidogo?

---

NambaKwanza

Haikuhusu. Na hiyo laki na ushee ni wakati tabaini imeshika kasi. Upepo ukiwa mita 3 namba inashuka hadi elfu sabini.

Tatizo la huko chini ni hili. Hewa inayoteleza karibu kabisa na ngozi ya panga inakuwa tulivu mno. Ikishavuka sehemu nene ya mgongo, inatakiwa iendelee kule ambako shinikizo linapanda, na hewa tulivu haina nguvu ya kupanda mlima huo. Inaachia ngozi. Ikibahatika inavurugika ikiwa njiani na kurudi kugusa panga, na pale katikati inabaki na kiputo cha hewa iliyokwama. Hicho kiputo ndicho kinachoongeza ukinzani. Isiporudi kabisa, una kibao tu kinachokata hewa. Eafoili nene za zamani zikishuka chini ya 70,000 hivi zinaanguka vibaya, hadi bati jembamba lililopindwa linazishinda. Kwa mtu aliyezoea mambo ya ndege ni kichekesho, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo kigezo cha kwanza: tafuta umbo lililopimwa kwenye handaki la upepo kwa namba kati ya laki moja na laki tano. Hapo ile orodha yako ya elfu moja na mia tano inapungua sana.

---

MzeeMsasa

Vijana mnapenda kuzunguka. Chukua Clark Y, ingia karakana, kesho kutwa una panga.

Sababu zangu: unene ni asilimia 11.7 ya upana, na tumbo lake limenyooka kuanzia asilimia 30 ya upana hadi ukingo wa nyuma. Maana yake unalaza rula tumboni na unajua umekosea wapi. Hizo SG na FX zina tumbo lililobonyea kuelekea nyuma, na ukingo wa nyuma mwembamba kama karatasi. Jaribu kuchonga huo mbonyeo kwa mkono, mapanga matatu yafanane, halafu uje hapa.

---

Kipepeo88

Mzee kwa heshima zote, Clark Y ilichorwa mwaka 1922. Miaka zaidi ya mia! SG6040 hadi SG6043 zilitengenezwa na Giguère na Selig, zikachapishwa 1998, mahususi kwa tabaini ndogo za kilowati 1 hadi 5. SG6040 ni nene, asilimia 16, kwa ajili ya shina. Zile tatu nyingine ni asilimia 10, kwa ajili ya mwili wa panga. Kwa nini mtu aache kitu kilichotengenezwa kwa kazi yake achukue cha ndege za mbao?

---

MzeeMsasa

Kwa sababu yeye hana mashine. Ana tupa.

---

NambaKwanza

Nyote mna hoja, ila hebu tuone mnagombania wati ngapi.

Sehemu yoyote ya panga inapoteza nguvu kwa ukinzani kiasi hiki: chukua lamda ya mahali hapo, zidisha 1.5, gawa kwa uwiano wa kuinua na ukinzani. Kwa lamda 6, robo tatu ya panga ina lamda yake ya 4.5. Mara 1.5 ni 6.75.

Eafoili ya kifahari, tuseme uwiano 60: unapoteza asilimia 11.
Eafoili ya kawaida, uwiano 40: asilimia 17.
Panga lililochongwa ovyo, uwiano 20: asilimia 34.

Kipenyo cha mita 2, upepo wa mita 5, nguvu yote inayopita kwenye duara ni kama wati 240. Betz anakuruhusu asilimia 59.3 tu hata ukiwa malaika. Kwa hiyo ile tofauti ya 60 na 40 ni wati saba au nane. Ile ya 40 na 20 ni zaidi ya wati ishirini. Mnaona pesa ilipo? Kutoka nzuri kwenda nzuri zaidi hakuna kikubwa. Kutoka chafu kwenda nzuri kuna kitu.

Na nguzo ikipanda ukapata upepo wa 5.5 badala ya 5, nguvu inaongezeka asilimia 33. Hiyo nimeisema pembeni tu, msinipige.

Kuna jambo jingine ambalo RandaMkononi hajaliuliza: kwa nini lamda 6? Ukishuka, ile 1.5 mara lamda inapungua, na upana wa panga unaongezeka kwa haraka kuliko kasi inavyopungua, kwa hiyo namba ya Reynolds inapanda. Unafaidi mara mbili. Kwa lamda 4, upana pale robo tatu ni milimita 168 na namba inafika laki moja na elfu sabini na tano. Gharama yake ni kwamba jenereta inazunguka taratibu: mizunguko 191 kwa dakika badala ya 286, upepo ule ule wa mita 5. Hapo jenereta ndiyo inayoamua, siyo eafoili.

---

RandaMkononi

Aisee. Sikuwahi kuiangalia kwa upande huo. Jenereta yangu inaanza kuchaji kwenye mizunguko 210 hivi. Kwa hiyo 4 hainifai, lakini 5 inawezekana.

---

BombaLaPVC

Samahani kuingilia uzi. Mimi mapanga yangu nimekata kwenye bomba la PVC la milimita 110. Yanazunguka vizuri, watu wanasimama kuangalia, lakini multimita inaonyesha aibu. Upana wa panga ni milimita 80 kutoka shina hadi ncha. Nimefuata mchoro wa mtandaoni. Kosa ni eafoili?

---

NambaKwanza

Kosa ni mpindo. Bomba linakupa mkunjo wa duara, na kina cha mkunjo ukikigawa kwa upana wa panga unapata asilimia ya mpindo. Njia ya mkato: upana gawa kwa kipenyo cha bomba mara nne. Kwako: 80 gawa kwa 440, ni asilimia 18. Hilo ni beseni, siyo panga! Bati lililopindwa hufanya vizuri kwenye asilimia 5 hadi 7 hivi.

Kwa hiyo upana uwe takriban robo ya kipenyo cha bomba. Ukitaka upana wa milimita 80 unahitaji bomba la zaidi ya milimita 300. Kwa bomba la 160, ncha iwe na upana wa milimita 40. Pia kata panga liwe pana shinani na jembamba nchani, na lisokotwe, siyo upana mmoja.

Ukingo wa mbele uduarishe, wa nyuma unoe. Bomba likikatwa likaachwa na kingo za mraba, hewa inaachia hapo hapo mwanzoni.

---

BombaLaPVC

Beseni 😂😂 Nimekubali. Swali moja la aibu: ule upande wa mbonyeo unatazama upepo au unaupa mgongo?

---

MzeeMsasa

Mbonyeo (tumbo) unatazama upepo unakotoka. Mgongo wa mviringo unatazama upepo unakokwenda. Ukingo mnene ndio unaotangulia kwenye mzunguko. Siyo aibu, mwanangu. Mwaka wangu wa kwanza nilifunga yote matatu kinyume, nikalaumu sumaku miezi miwili.

---

Kipepeo88

Kwa mtu anayetaka vipimo vya kweli vya namba ndogo: Selig na McGranahan walipima eafoili sita kwa ajili ya tabaini ndogo, ripoti ikatoka 2004 kupitia maabara ya nishati jadidifu ya Marekani, NREL. Ni E387, FX 63-137, S822, S834, SD2030 na SH3055, kuanzia laki moja hadi laki tano. Hizo ndizo za kuanzia, siyo grafu ya mtu aliyechora kwenye programu na kuacha mipangilio ya kiwandani.

Kuhusu programu: XFOIL ya Mark Drela wa MIT ni nzuri, na ni ya bure. QBlade ya Berlin inakuchukulia matokeo hayo na kukupa tabaini nzima. Lakini kuna namba moja inaitwa Ncrit. Ikiwa 9 unaiambia programu hewa ni safi kama ya handaki zuri la upepo. Nje kuna miti, mapaa, vumbi. Jaribuni pia 4 au 5 muone grafu inavyobadilika. Na msiamini kile kilele kirefu. XFOIL huwa na matumaini kupita kiasi karibu na pale panga linapostoli, yaani hewa inapoachana na mgongo moja kwa moja.

Mimi siangalii kilele tu. Naangalia kilele ni kipana kiasi gani. Upepo haukai sehemu moja, pembe inacheza juu na chini kila sekunde, na jenereta inachelewa kufuata. Eafoili yenye kilele cha 65 kilichochongoka kama sindano itakupa wastani mbaya kuliko ya 50 yenye kilele bapa.

---

MzeeMsasa

Hapo kijana umesema neno. Ongeza na wadudu. Ukingo wa mbele baada ya msimu mmoja una vumbi na mizoga ya wadudu, na ule mgongo uliousugua kama kioo haupo tena. Zile za NREL za familia ya S, kazi iliyoanza katikati ya miaka ya 1980, zililenga hilo hasa: panga lisipoteze nguvu yake ya kuinua kwa sababu ya ukingo kuchafuka.

Sasa RandaMkononi, ukichukua Clark Y nisikilize vizuri hapa, wengi wanaumia. Pembe zote za kwenye fomula zinapimwa kwenye mstari unaotoka ncha ya ukingo wa mbele hadi ukingo wa nyuma. Tumbo bapa SIYO mstari huo. Pua ya Clark Y iko juu ya tumbo kwa asilimia 3.5 ya upana, na hiyo ni nyuzi 2. Ukilaza kipimapembe tumboni, ongeza nyuzi 2 kwenye pembe ya fomula. Fomula ikisema 3, tumboni isome 5. Ukisahau, panga lote linakaa nyuzi mbili karibu zaidi na kustoli, na utakuja hapa kusema Clark Y ni mbaya.

---

Kipepeo88

Hiyo ya nyuzi 2 sikuijua. Nilikuwa na panga la namna hiyo na lilikuwa linasinzia upepo ukizidi. Sasa nashuku ndiyo sababu.

---

RandaMkononi

Wakuu, nimekaa nikaamua. Lamda 5. Clark Y. Nguvu ya kuinua 0.9, pembe ya kukutana na hewa nyuzi 5. Hizi ndizo namba zangu, pembe ni za fomula kabla ya kuongeza zile 2 za mzee:

Ncha (mita 1.0): upana mm 82, pembe 2.6
Robo tatu (0.75): mm 109, pembe 5.1
Nusu (0.5): fomula inataka mm 160, pembe 9.9
Robo (0.25): fomula inataka mm 292 (!), pembe 23

Mbao yangu ina upana wa mm 150 na unene wa mm 45. Kwa hiyo kwenye nusu nitaishia 150, na kwenye robo pia 150. Nimeharibu?

Namba ya Reynolds pale robo tatu imekuwa laki moja na arobaini. Nimefurahi kama mtoto.

---

NambaKwanza

Hujaharibu. Duara la ndani la robo ya panga ni asilimia 6 tu ya eneo lote linalofagiwa. Nusu nzima ya eneo iko nje ya asilimia 71 ya urefu. Kule nje ndiko ukachonge kwa kalipa na taa. Kule ndani chonga kwa ajili ya nguvu na kuanza kuzunguka.

Unene wa mbao utakubana kwenye msokoto: kwa upana 150 na kina 45, pembe kubwa unayoweza kuipata ni nyuzi 17. Na hiyo unaisoma tumboni, kwa hiyo zile 2 za mzee zimo humo humo. Ishie hapo, usigundishe vipande vya kuongeza.

---

ChumaNaKutu

Naona mnaongea hewa tu. Panga ni kitu kinachoweza kukatika na kuruka, naomba mlikumbuke hilo.

Upepo wa mita 12, lamda 5, kipenyo cha mita 2: radiani 60 kwa sekunde, karibu mizunguko 573 kwa dakika. Panga la kilo 1 ambalo kitovu cha uzito kiko sentimita 40 kutoka katikati linavuta shina kwa nyutoni 1,440. Ni kama kuning'iniza mzigo wa kilo 147 kwenye kila panga, na hapo sijaweka kupinda kwa upepo. Jenereta ikikosa mzigo, lamda inapanda juu ya 5 na hiyo namba inakua kwa mraba.

Ndiyo maana shina haliwi Clark Y ya asilimia 11.7. Kwa upana ule ule, kutoka asilimia 10 kwenda 16 ugumu wa kupinda unaongezeka mara nne. Eafoili nene shinani ina uwiano mbaya kidogo, na kama NambaKwanza alivyosema, shinani lamda ya mahali ni ndogo, ukinzani hauumi. Fanya asilimia 18 shinani, milimita 27, teremsha taratibu hadi 11.7 kwenye nusu. Nyuzi za mbao zipite urefu wote wa panga, na kifundo chochote kiishie kwenye kuni.

---

SwaliDogo

Je, haya yote yanahusu pia tabaini ya wima, ile ya Darrieus?

---

Kipepeo88

Kidogo sana. Kule panga linapigwa na hewa tumboni na mgongoni kwa zamu kila mzunguko, ndiyo maana wengi hutumia maumbo yanayolingana pande zote, kama NACA 0015, 0018 au 0021. Fungua uzi wake, nitakuja.

---

BombaLaPVC

Na kuanza kuzunguka je? Nilisikia kuna eafoili "zinazoanza mapema".

---

NambaKwanza

Tabaini ikiwa imesimama, upepo unapiga panga karibu uso kwa uso. Pembe ya kukutana ni nyuzi sabini, themanini. Hapo hewa imeshaachia kila mahali, na Clark Y, SG na kipande cha dirisha vinafanana. Kinachoanzisha ni pembe kubwa na upana wa shinani, wepesi wa panga, na jenereta isiyong'ang'ania. Eafoili inaingia kazini baadaye, panga likishapata mwendo. Kwa hiyo anayekuuzia eafoili "ya kuanza mapema", muulize anapima pembe ipi.

---

RandaMkononi

(wiki saba baadaye)

Wakuu nimerudi, mwenye uzi wake. Mapanga matatu yamekamilika. Nilitengeneza vielelezo vya bati jembamba, vinne kwa kila panga: ncha, robo tatu, nusu na robo. Nilikata umbo la mgongo kwenye bati, nikawa nachonga na kujaribisha, nachonga na kujaribisha, nikiweka taa nyuma yake. Mwanga ukipenya chini ya bati ujue bado. Bila hivyo vielelezo panga la pili lilikuwa linaelekea kuwa ndugu wa kambo.

Panga la kwanza nililikosea, ukingo wa mbele niliufanya mkali nikidhani "unakata hewa". Nikasoma tena, nikagundua ukingo mkali unaifanya hewa iachie mapema pembe ikiongezeka kidogo. Nimelitupa, nikachonga jingine.

Imepanda nguzoni juzi. Upepo wa mita 5 kwa kipimaupepo, inanipa kati ya wati 60 na 70 kwenye betri. Kwa wati 240 zinazopita, ni zaidi kidogo ya robo, na hapo jenereta na waya vimeshakula chao.

Malalamiko moja tu: upepo ukifika mita 7 inapiga mluzi. Sauti nyembamba, inapanda na kasi. Mapanga mawili yako kimya, moja ndilo linalopiga, nimelijua kwa kuyafunga nchani utepe wa rangi tofauti na kusikiliza likipita chini.

---

ChumaNaKutu

Hongera mkuu. Robo ya nguvu ya upepo kwenye betri kwa panga la mkono ni kazi safi.

---

MzeeMsasa

Kapime ukingo wa nyuma wa hilo panga linalopiga mluzi, theluthi ya nje. Naweka dau ni mnene kuliko wenzake, na umekatwa mraba. Hewa ya mgongoni na ya tumboni zikikutana nyuma ya ukingo butu zinaachia vizunguko vidogo kwa zamu, juu chini juu chini, ndiyo filimbi hiyo. Ulete chini ya milimita moja, upande wa mgongo ndio upunguzwe, tumbo usiliguse maana utaharibu pembe.

Halafu pima uzito upya. Ukisaga moja, usawa wa matatu umekwenda.

---

RandaMkononi

Mzee, kalipa imesoma milimita 2.3 kwenye lile linalopiga, na 0.9 na 1.1 kwenye mengine. Nimelishusha leo asubuhi, nimesaga mgongoni hadi 1.0, nikapaka vanishi. Limepungua gramu 6, nimefidia kwa kuchimba kidogo kwenye shina la yale mawili na kupima usawa tena kwa kuning'iniza kwenye uzi.

Limerudi juu saa kumi. Upepo sasa hivi ni mita 6, kimya. Nangoja ufike 7.